Kikohozi cha Mkwe

Abdallah Mohamedi alikuwa mtu wa kelele. Alizaliwa Mikindani, katika nyumba ya mawe yenye watu wengi na mlango mmoja, na asiyepaza sauti katika nyumba ile alilala na njaa. Akifurahi alipiga makofi. Akifurahi zaidi aliruka, naye alikuwa mrefu, kwa hiyo kuruka kwake kulitaka nafasi. Alipoanza kufagia wodi katika hospitali ya mjini Mtwara, mwaka ule wa Uhuru, wagonjwa walijua amefika kabla hajavuka lango, maana salamu zake zilimtangulia.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyepewa kazi inayotaka subira kuliko kazi zote za hospitali. Walimpeleka Dar es Salaam akajifunze mazoezi ya viungo, akarudi na suruali nyeupe na jina jipya: Bwana Mazoezi. Waliovunjika nyonga walikuwa wake. Wazee waliolala kitandani mpaka magoti yakasahau kukunjuka walikuwa wake. Na zaidi ya wote walikuwa wake wale waliopigwa na kiharusi, upande mmoja umelala, mdomo umekwenda kando, ulimi mzito kinywani.

Dar es Salaam walimfundisha kupima kwa ngazi, kiti na kijiko. Mgonjwa apande ngazi, akae kitini, ale kwa kijiko, ndipo ujue amefika wapi. Abdallah aliporudi Mtwara akawauliza wazee wake habari za ngazi, wakacheka hadi waliokuwa hawachekani na mtu. Ngazi ya kwenda wapi? Basi akaanza kuuliza mengine. Bibi, khanga unajifunga mwenyewe? Babu, udhu unatia au unatiwa? Ukikaa kitako kwenye mkeka, unainuka kwa kushika nini? Chooni ukichuchumaa unarudi juu? Sufuria likiwa jikoni, mkono gani unashika na mkono gani unasonga? Mtu akijibu ndiyo, Abdallah hakuamini mpaka aone, na akiona, wodi nzima ilijua. Siku mzee mmoja wa Naliendele alipofunga msuli wake mwenyewe, fundo likashika, Abdallah aliruka akagonga kichwa kwenye boriti.

"Umefunga!" alipiga kelele, damu ikimtoka kwenye paji. "Jamani, mzee amefunga!"

Huyo ndiye Abdallah. Na mtu huyu wa kelele, mtu wa kuona kwa macho, alikwenda kuoa kijijini Mahurunga.

Sharifa binti Omari alikuwa mzuri, mcheshi na mwepesi wa kujibu, na hakuna aliyemlaumu Abdallah kwa kumpenda. Lakini Mahurunga ukioa, unaoa na mkwe, na mkwe wa kule si wa mchezo. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mkewe. Hali mbele yake, halitaji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Na mkwe wa kiume akija nyumbani, anakohoa tangu mbali, ili mama mkwe apate muda wa kuingia ndani. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na watu wa kule wanaihesabu kama wengine wanavyohesabu mali.

Kwa bahati nzuri, kukohoa Abdallah alikuweza. Kikohozi chake kilitoka tumboni, kikapita mikorosho, kikafika kijijini kabla yake. Kuku walitawanyika. Bi Somoe, mama yake Sharifa, aliacha alichoshika na kutoweka. Katika miaka yote ya ndoa Abdallah hakuwahi kumwona mama mkwe wake. Alichokijua ni kisigino: kisigino cheusi, kigumu, kikiingia mlangoni upesi kama mjusi. Bi Somoe kwa upande wake alimpenda mkwe wake mno. Alimpelekea muhogo mtamu kuliko wote na korosho nono kuliko zote, na aliwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba mwanaye ameolewa na mwanamume anayekohoa kwa adabu.

Mwaka wa sitini na nane, masika yalipokwisha, Bi Somoe alikuwa anamenya muhogo uani kwake. Kisu kikamtoka mkononi. Akainama kukiokota, mkono ukakataa. Akataka kumwita jirani, sauti ikatoka bila maneno. Wakamleta mjini juu ya magunia, kwenye lori la mzigo, na asubuhi yake Sista Helena, nesi mkuu wa wodi ya wanawake, akamwita Abdallah.

"Kuna bibi wa Mahurunga," alisema. "Upande wa kulia. Njoo tumpime."

Abdallah aliingia na salamu zake zote mdomoni. Akamwona Sharifa, aliyefuatwa nyumbani baada ya yeye kuondoka kwenda kazini, amekaa pembeni mwa kitanda, macho mekundu. Akaziona nyayo mbili zimetokeza mwisho wa shuka. Kisigino! Alikijua pale pale. Salamu zikamkwama kooni, akageukia ukuta.

Naye Bi Somoe, kwa mkono mmoja uliobaki mzima, akavuta khanga akajifunika uso wote.

"Mama," Sista Helena alisema kwa upole, "inua mguu wako wa kulia." Kimya. "Basi huu wa kushoto." Kimya. "Mama, unanisikia? Unaitwa nani?"

Hakuna kilichotikisika chini ya ile khanga. Sista Helena alikuwa mtu wa Bukoba, mwema, mwenye kazi nyingi na vitanda vichache. Alimgonga goti, akamshika kiganja, akauliza tena na tena, kisha akashusha pumzi. "Hasikii, hasemi, wala hafanyi jitihada," alimwambia Abdallah. "Huyu sidhani kama kuna la kumfanyia. Na wewe mbona unautazama ukuta?"

Abdallah angesema nini, na mama mkwe mwenyewe yupo pale anasikia? Akatoka nje. Sharifa akamfuata mpaka barazani, akamshika shati.

"Mama anasema!" alimnong'oneza. "Ulipotoka tu kaniuliza kuku wake wanalala kwa nani. Ulimi mzito, lakini kasema! Na mguu wa kushoto kautupa, nusura anipige."

Abdallah akasahau kwamba mgonjwa ni mkwe. Akaruka hapo hapo barazani, akarudi mbio mlangoni, akakumbuka, akasimama, akamwita Sista Helena kwa mkono. Akamweleza yote, jasho likimtoka. Yule nesi alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Akarudi wodini peke yake, akampima upya, na alipotoka alikuwa na habari nyingine kabisa. Bibi anaelewa kila kitu. Maneno yapo, yanatoka taratibu. Mguu wa kulia unajaribu. Mkono bado.

"Kwa hiyo hana haja ya kitanda changu," alisema. "Ana haja ya mazoezi kila siku, kwa miezi. Na mwenye mazoezi Mtwara nzima ni wewe. Mchukue nyumbani."

"Sista, siwezi hata kumtazama!"

"Basi usimtazame," alisema Sista Helena, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Kesho yake, kabla hawajamtoa hospitalini, akafika mjomba Selemani, kaka yake Bi Somoe. Kule kwao mjomba ndiye mwenye neno, na Selemani alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpenda dada yake. Alikuwa amekaa naye wodini tangu alfajiri, akimlisha uji, na alitoka akiwa amekwisha kuamua.

"Mimi nimeona watu wa namna hii," aliwaambia Sharifa na Abdallah, kwa Kiswahili chake chenye uzito wa Kimakonde. "Ukimwacha peke yake anaangukia moto. Korosho za kwanza zikianguka nitakuja. Kama anajiweza, atarudi kwake Mahurunga. Kama hajiwezi, nnamchukua nyumbani kwangu, akae ndani atunzwe, na shamba lake nitampa mtu mwingine alilime. Sitaki kuambiwa anajiweza. Nataka kuona."

Bi Somoe alikuwa anasikiliza kwa ndani. Mikorosho ile aliipanda yeye na marehemu mumewe, mti kwa mti, na nyumba ile aliikandika kwa mikono yake. Kuwa mtu wa kukaa ndani na kutunzwa lilikuwa neno alilolichukia kuliko kifo. Sharifa alisema baadaye kwamba mama yake hakulia. Alisema kitu kimoja tu, kwa ule ulimi mzito: "Mwambie mkwe aanze leo."

Basi wakaanza siku hiyo hiyo, nyumbani kwao Chikongola.

Sijui kama kuna mahali pengine duniani mgonjwa alifanyishwa mazoezi namna ile. Mama alikaa chumba cha uani, mlango umefungwa. Abdallah alisimama uani na Sharifa. Zoezi lolote alilotaka mama mkwe wake afanye, kwanza alimfanyisha mkewe. Alimkamata Sharifa mkono, akaupandisha polepole, akavikunjua vidole kimoja kimoja, akamwambia, "Umesikia inavyovuta hapa? Ukifika hapo usilazimishe. Subiri mpaka mkono wenyewe ukubali." Kisha Sharifa aliingia ndani na mkono wake ukakumbuka ulivyofanywa, akamfanyia mama yake vile vile. Akatoka na majibu.

"Anasema panauma begani."

"Mwambie vizuri sana! Panapouma pako hai!"

"Mama, anasema vizuri sana."

Sauti nzito ikatoka ndani: "Mwambie... aje aumwe yeye."

Abdallah alicheka mpaka akakaa chini. Maneno mengi namna hiyo, kwa mstari mmoja! Akapiga makofi, na ndani nako akasikia kicheko kidogo, cha upande mmoja.

Nyumba ya jirani lilikuwa duka la Fidahussein, na mkewe Batulbai aliona mengi kutoka dirisha lake la juu. Kila asubuhi alimwona Bwana Abdallah amemkamata mkewe mguu, anauinua na kuushusha, anamlaza mkekani, anamkalisha, anamwinua. Alivumilia, kisha siku moja akamvuta Sharifa kando ya duka. "Sharifa, mwanangu," alisema, "kama anakupiga niambie. Fidahussein atazungumza naye." Alipoelezwa alishika mdomo, na tangu siku ile akawa anatuma madebe matupu ya samli, madogo kwa makubwa, ili bibi ajifunze kubeba maji.

Mkono ulianza kufunguka. Mguu ulianza kusimama. Lakini Abdallah alikuwa na shida moja iliyomnyima usingizi: hakuwa anaona kitu. Yeye aliyepima watu kwa macho sasa alipima kwa maneno ya Sharifa, na Sharifa alikuwa binti wa mgonjwa, kila siku anaona nafuu, hata siku isiyokuwa na nafuu. Leo mama anatembea! Anatembeaje? Vizuri! Mguu anauinua au anauburura? Sharifa anafikiri kidogo, kisha anasema, "Vizuri tu."

Jibu alilipata bila kulitafuta, na lilitoka kooni kwake mwenyewe.

Mchana Bi Somoe alikaa uani kuota jua. Abdallah akitoka kazini alikohoa, kama adabu inavyotaka, tangu kona ya duka la Fidahussein. Wiki za kwanza alikohoa pale, akasikia Sharifa anakimbia, mkeka unaburutwa, mama anabebwa, mlango unapigwa. Ilimbidi akohoe tena na tena, akiwa amesimama pale barabarani, mpaka Batulbai akampelekea tangawizi na asali akidhani mapafu yameharibika. Kisha siku moja alikohoa, akasimama kungoja, akasikia kitu kipya. Hakukuwa na miguu ya Sharifa. Kulikuwa na fimbo. Fimbo, mguu, halafu mburuto mrefu. Fimbo, mguu, mburuto. Muda mrefu, mrefu mno, kisha mlango ukafungwa taratibu.

Abdallah alisimama kwenye kona na kinywa wazi. Ameingia mwenyewe! Alikuwa amemsikia mgonjwa wake akitembea, wazi kuliko vile ambavyo angemwona. Aliijua sasa ile nyonga inayonyanyuka kwa shida, aliyajua yale magoti, alijua kabisa kwamba kisigino hakigusi chini na kwamba vidole ndivyo vinavyochora mchanga. Akaingia mbio.

"Sharifa! Kesho mazoezi ya kisigino! Akanyage kwa kisigino kwanza!"

Tangu hapo kikohozi kikawa ndicho kipimo. Alikohoa, akatega sikio. Alijua siku aliyopata mama usingizi na siku aliyokuwa mchovu. Alijua siku mburuto ulipofupika. Alijua siku fimbo ilipoachwa. Jioni moja alikohoa akiwa na furaha tu, hana hata haja ya kuingia, akasikia hatua zinakwenda, akageuka kwenda sokoni, akarudi akakohoa tena ili asikilize mara ya pili. Bi Somoe akamtumia ujumbe kwamba mkwe achague moja, anaingia au haingii, maana yeye si kuku wa kufukuzwa huku na huku.

Na ilikuwa katika raha hiyo hiyo ndipo lilipotokea la kuogofya. Siku hiyo Sharifa alikuwa sokoni. Abdallah akakohoa kwenye kona, kwa nguvu kama kawaida yake. Akasikia hatua zinaanza, zinaharakisha, zinakuja upesi kuliko siku zote, na kabla hajafurahi akasikia kishindo. Halafu kilio kidogo. Halafu kimya.

Alifika mpaka kwenye mlango wa ua. Akashika kitasa. Lakini hakufungua. Akaita kwa Batulbai, akaita mpaka sauti ikakwaruza, na yule mama wa watu akashuka mbio bila viatu, akaingia, akamwinua. Goti limechubuka, hakuna kilichovunjika. Abdallah alikaa barabarani mbele ya nyumba yake mwenyewe, amejishika kichwa. Kikohozi chake ndicho kilichomwangusha. Na mlango alikuwa ameushika, akauacha.

Kuanzia kesho yake akawa anarudi kutoka kazini kimya kimya, kwa njia ya nyuma, akikaa kwa Fidahussein mpaka giza lishike na mama awe ndani. Mambo yaliendelea hivyo kwa muda, naye hakuwa mtu tena. Hospitalini waliuliza Bwana Mazoezi anaumwa nini. Mwishowe Sharifa akaja dukani na ujumbe.

"Mama anasema mkwe akohoe."

"Mwambie naogopa."

Sharifa akaenda, akarudi. "Anasema, akija mjomba, ataogopa pia? Anasema miguu yake inasubiri kikohozi, isipokisikia inalala. Anasema akohoe."

Basi Abdallah akatoka mpaka kwenye kona, akajaza kifua, akakohoa. Na zile hatua zikaenda, polepole, kwa uangalifu, kisigino kwanza, mpaka ndani.

Mwezi wa kumi upepo ulianza kuleta harufu ya mabibo yaliyoiva, na habari ikaja kwamba korosho zimeanza kuanguka Mahurunga. Walikwenda wote kwa lori. Bi Somoe alikaa mbele na dereva, amejifunika. Abdallah alikaa nyuma kabisa juu ya magunia, amegeukia alikotoka. Alikuwa amewasimamisha wagonjwa wengi, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa anakwenda kupokonywa nyumba.

Mjomba Selemani alikuwa ameketi uani kwa dada yake, na majirani wawili watatu wamekuja kutazama. Abdallah hakuingia. Alikaa nje ya wigo, ameegemea mianzi, magoti kifuani. Yote yaliyotokea aliyapata kwa masikio.

"Somoe," mjomba alisema, "fanya kama ninyi wawili mko peke yenu, wewe na nyumba yako."

Ufagio ukaanza. Shwa, shwa, kwa mkono wa kushoto. Kisha, Abdallah akabana meno, ukahamia mkono wa kulia. Dhaifu, lakini ulifagia! Akasikia kuni zikipangwa, moto ukipulizwa. Akasikia kibao cha mbuzi kikiwekwa chini na mama akikaa juu yake, na nazi ikakunwa, ikasimama, ikakunwa tena. Akasikia akiinuka, pumzi moja ndefu, bila mtu kumshika. Mchi ukapiga kinu. Ugali ukasongwa, na huo ndio mkono wa kulia wenyewe, maana mwiko ulikuwa unagonga ukingo wa sufuria vile vile ambavyo Sharifa alifundishwa siku zote. Nje ya wigo Abdallah alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kupiga makofi haramu! Kuruka haramu! Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kujizuia.

"Amekula chakula chake," mjomba alisema baadaye. Sauti yake bado ilikuwa nzito. "Nimeona. Lakini ndani ya ua kila mtu anaweza. Mimi nnaogopa shambani. Nnaogopa siku mguu utakapokwama na hakuna mtu."

Abdallah akasikia hatua za mama mkwe wake zikitoka kwa mlango wa nyuma, zikienda mikoroshoni, zikipotea. Anakwenda wapi? Hakuna aliyemtuma. Wakangoja. Jua likasogea. Sharifa akaita, "Mama?" na hakujibiwa.

Kisha hatua zikarudi. Lakini lo, hatua gani zile! Nzito, fupi, zinapepesuka. Ule mburuto ambao Abdallah hakuusikia tangu miezi ile ya mwanzo, ulikuwa umerudi. Amechoka, alijiambia. Amejichosha, goti linakataa, mshikeni basi, mbona hamumshiki? Hatua moja, nyingine, zikaingia uani.

Kishindo!

Abdallah hakufikiri. Mlango wa ua wa Chikongola alikuwa ameushika akauacha, na hakutaka kuishi na wa pili. Alipita wigo ule bila kutafuta mlango, mianzi ikavunjika, akatua katikati ya ua na mikono yake mirefu imenyooshwa kudaka.

Hakukuwa na mtu wa kudaka. Chini lilikuwa tita la kuni, kubwa, limefungwa kwa kamba ya mgomba, bado vumbi linapanda. Na nyuma ya tita, amesimama wima, mkono kiunoni, akitweta, alikuwa mwanamke ambaye Abdallah hakuwahi kuuona uso wake: mwembamba, mwenye ndonya, pambo la zamani la Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, na macho ya Sharifa kabisa.

Walitazamana. Ilikuwa muda wa kufumba na kufumbua.

"Mkwe!" alipiga kelele Bi Somoe.

Abdallah akajifunika uso kwa mikono yote miwili na kuanguka magotini. Kwa hiyo hakuona. Majirani waliona, mjomba aliona, Sharifa aliona na kusimulia mpaka uzeeni mwake. Bi Somoe alitupa khanga kichwani, akageuka na kukimbia. Alikimbia! Akazunguka jiko, akaruka kuni zake mwenyewe, akapita kati ya kuku. Mbio zake zilikwenda upande kidogo, hazikuwa mbio za msichana, lakini hakuna mtu pale ambaye angemkamata.

Abdallah alisikia tu. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Alisikiliza kwa masikio yaliyokuwa yamezoea kusikiliza miezi yote ile, akiutafuta ule mburuto, na mburuto haukuwapo. Miguu miwili iligonga ardhi, yote miwili, mpaka mlango wa nyumba ulipofungwa kwa nguvu.

Kisha mjomba Selemani, yule mtu wa maneno machache, akaanza kucheka. Alicheka akajipiga mapaja, akacheka akapata kwikwi, akamnyanyua Abdallah kwa kwapa na kumpeleka nje kupitia tundu aliloingilia.

"Nimeona," alisema akijifuta macho. "Basi. Nimeona. Abaki kwake."

Nje ya wigo Abdallah aliruka. Safari hii hakukuwa na boriti, akaruka tena, akapiga makofi, akalia kama mtoto, akamkumbatia mjomba na mjomba akakubali kukumbatiwa. Sharifa alikuja mbio akicheka na kulia pamoja. Na katika kelele zile zote dirisha la nyumba likafunguka kidogo, na sauti ikatoka. Bado ulikuwa na uzito kidogo ule ulimi, lakini kila neno lilikamilika, na ukali wote wa mama mwenye nyumba yake ulikuwamo ndani yake.

"Sharifa! Muulize huyo mtu. Koo limekauka? Mbona hakukohoa?"

Watu wote wakamtazama Abdallah. Akafuta machozi kwa mkono wa shati lake jeupe, akarudi nyuma mpaka chini ya mkorosho wa kwanza, mahali pa mkwe mwenye adabu, akajaza kifua, akakohoa.